Maharage ya Soya Yamemponza Mama

Busale,
16 Juni 1912.

Mpendwa kaka Sadoki,

Ugonile? Nimekusalimu kwanza kwa lugha ya nyumbani, sasa naendelea kwa Kiswahili ili wifi Felista naye asome. Habari za Kilosa na kazi ya reli? Ule mguu ulioangukiwa na chuma umepona? Na mtoto Ipyana ameanza kutembea? Sisi huku miili ni mizima, ila usingizi hatuna. Mama yu hai. Nalisema hilo mapema, maana ukisoma yanayofuata utaogopa kama ninavyoogopa mimi.

Mvua zilipoanza, msimamizi wa serikali alitugawia mbegu za maharage mageni yanayoitwa soya, akaamuru kila nyumba ipande. Mama alipanda kule kijitoni, chini ya miti yenye mizinga ya marehemu baba. Maharage yalipotoa maua, vitu vidogo hata huvioni mpaka uiname, nyuki walishinda humo.

Upande wa jirani yetu Hezroni hapakuwa na nyuki. Mwaka jana walimuua ndama wake kwa kumuuma, naye kwa uchungu akachoma mizinga yote ya upande ule.

Siku za kuvuna, maganda ya mama yalijaa punje tatu tatu. Ya Hezroni na wenzake yalikuwa machache, na mengi yalikuwa na punje moja tu. Msimamizi akasema ni uvivu. Hezroni, mtu mzima yule, alilazwa kifudifudi akachapwa viboko mbele ya mkewe. Kaka, tangu hapo mambo yakaharibika.

Pakaanza kunong'onwa kwamba mama amevuta mavuno ya wenzake kwa uchawi. Wanawake wakaacha kwenda naye kuchota maji. Nilipowasalimu watu, walitazama pembeni.

Alhamisi asubuhi tulikuwa tunatwanga mpunga. Wakaja wanaume, Hezroni mbele, na nyuma yake Andongwisye, yule anayechanganya mwavi, sumu ya kumpima mchawi, kwa siri ingawa serikali imekataza. Alikuwa ameshika kibuyu. Mchi uliniponyoka.

Hezroni akasema, "Mama Sadoki, kama huna uchawi tumboni, kunywa. Utatapika, utakuwa huru."

"Na nisipotapika?"

Andongwisye akamsogezea kibuyu. Mama akafuta mikono kwa nguo yake, akapokea kibuyu. Nikamrukia, nikaushika mkono wake, nikapiga kelele, "Njooni kwanza nyuma ya nyumba! Njooni mwone, halafu mtunyweshe wote wawili!"

Nyuma ya nyumba nilikuwa nimepanda mistari miwili ya mbegu zilizobaki. Kwa sababu ya kuku niliifunika kwa wavu wa kuvulia dagaa wa usipa, wenye matundu madogo mno, ule tuliobadilishana na wavuvi Wakisi wa Ikombe kwa mpunga. Mavuno yake yalikuwa mabaya, nikaona aibu, nikayaacha yakaukie humo.

Nikamwambia Hezroni afunue mwenyewe. Akapasua ganda: punje moja. Akapasua jingine: tupu.

"Baba," nikamwambia, "mbegu ni ile ile, udongo ni wetu. Mama angejiroga mwenyewe? Nyuki hawapenyi kwenye wavu huu. Maua ya hapa hawakuyagusa. Na kwako hawapo."

Hezroni akachuchumaa pale pale, akaendelea kupasua maganda mpaka yakaisha. Kisha akanyanyuka, akachukua kibuyu mkononi mwa mama, akamrudishia Andongwisye.

"Maneno ya msichana wa shule," Andongwisye akasema.

"Huenda," akajibu Hezroni. "Nipeni mzinga mmoja. Nitauweka shambani kwangu."

"Basi tungoje," akasema Andongwisye. "Soya ikikataa tena na nyuki wakiwapo, mama huyu atakunywa, na binti atafuata."

Wote wakaitikia. Hata Hezroni.

Mzinga tumempelekea, nao nyuki wametulia. Lakini wewe unajua walivyo. Moshi ukiwafikia, siafu wakipanda, wanahama bila kuaga. Mtu akitaka kutumaliza, kijinga kimoja cha moto kinatosha. Kila nikiona moshi upande ule, nakimbia.

Nimemsihi mama tuje kwako. Anasema hataacha kaburi la baba. Mimi hanisikii, wewe mwanawe wa kwanza atakusikia. Omba ruhusa, kaka, uje kabla mvua hazijaanza. Soya ikishapandwa, tutakuwa tumechelewa. Usipoweza kuja, basi mwandikie kwa ukali, hata akikasirika.

Mama anakusalimu, ila hajui nimekuandikia haya. Shangazi Asegelile anamsalimu wifi Felista. Mpakate Ipyana kwa niaba yangu. Ndaga, asante sana, kwa kitambaa ulichotuma. Mungu aliyeuzuia mkono wa mama siku ile akulinde huko reli inakopita, na akulete.

Mimi dada yako akupendaye na kukungoja,
Tuntufye