Kabla Sijapanda Pikipiki

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Kile kikohozi ulichoniandikia mwezi wa pili kimekuachia? Kama bado kipo, usijitibu kwa asali ukaona umemaliza. Nenda ukapimwe kifua. Najua utacheka useme Sindano ameshaanza unesi wake. Cheka, lakini nenda.

Sisi huku tunaendelea. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto anatembea vizuri. Bati la jikoni lililokuwa likivuja tumelibadilisha.

Kaka, tafuta mahali ukae. Nina mambo mawili ya kukueleza, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

La kwanza ni kwamba kesho saa moja asubuhi naanza mafunzo ya pikipiki.

Najua neno hilo lilivyo katika nyumba hii. Tangu tulipomzika mdogo wetu, miaka sita sasa, hakuna pikipiki iliyoingia uani. Hata anayetuletea gesi huzima yake barabarani akabeba mtungi begani. Lakini zahanati imenihamishia kwa wagonjwa wa majumbani, nao wametawanyika kila upande. Kuna fundi cherehani mmoja mwenye kidonda mguuni. Kinatakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja. Kwa miguu nilikuwa namfikia mara moja kwa juma. Mwezi wa nne nilifungua bandeji nikakuta funza. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi, eti kwa ajili ya harufu. Nilirudi njia nzima simtazami mtu. Kesho yake mkuu wa zahanati akaniambia pikipiki ipo stoo, anayekosekana ni wa kuiendesha. Nikasema nitajifunza.

Kusema ni rahisi. Glovu nimenunua. Viatu vya kufunika vifundo nimeazima kwa mlinzi wetu, vinanipwaya hata nikivaa soksi jozi mbili. Kofia ngumu nimepewa kazini. Huivaa chumbani nizoee, na kila nikifunga mkanda wa kidevuni napumua kama mgonjwa wa pumu.

Jumamosi ya juma lililopita mwalimu alituita wanafunzi sita kwenye uwanja wa shule kutuandaa. Ni tarishi mstaafu, aliyesambaza barua kwa pikipiki miaka thelathini. Wanamwita Breki Mbili, maana hamalizi sentensi bila kukumbusha kwamba breki ni mbili na zote zina kazi. Siku hiyo hakuwasha injini hata mara moja. Alituonyesha klachi, gia, namna ya kupima upepo wa tairi na ulegevu wa mnyororo. Kisha akailaza pikipiki chini, akasema kila mmoja aiinue, kwa nguvu za miguu, mgongo ukiwa umenyooka.

Wenzangu wote waliinua. Ilipofika zamu yangu nilishika usukani, vidole vikakataa kufunga. Nilisimama pale kama mti mkavu. Breki Mbili hakunikaripia. Aliwapa wenzangu mapumziko, akaja kusimama kando yangu.

"Wewe huogopi kuanguka," aliniambia. "Anayeogopa kuanguka hutazama pikipiki. Wewe macho yako yako barabarani, kama unamngoja mtu."

Kaka, hapo ndipo nilipomwambia mtu nisiyemjua jambo ambalo sikuwa nimemwambia yeyote. Na hili ndilo jambo la pili. Ulistahili kuwa wa kwanza kulisikia.

Siku ile mdogo wetu hakuwa anakwenda kwa mteja. Watu waliona boksi la vifaa limefungwa nyuma, wakasema fundi wa friji ameitwa kazini, na mimi nikaacha waseme. Aliyemwita ni mimi. Nilitoka zamu saa kumi na moja, mvua ikanikuta barazani mwa zahanati. Nikampigia simu aje anichukue. Alikuwa nyumbani, ameshavua viatu. Ningeweza kungoja. Mvua yenyewe haikufika nusu saa ikakatika. Nilikuwa nimekasirika kwamba anachelewa, nikawa naitazama barabara, mpaka alipokuja mpita njia kuomba machela, kuna kijana amegongwa na lori la mchanga pale kwenye kona.

Unakumbuka yaliyofuata msibani. Mama alikugeukia mbele ya watu akasema aliyemnunulia mwanawe jeneza lenye magurudumu asikanyage tena hapa. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Wewe uliinama, ukakaa mpaka siku ya tatu, ukaondoka. Ulimnunulia pikipiki ili asibebe boksi kichwani, basi. Miaka sita umebeba mzigo wangu, na kwa Mama unaandika mstari mmoja tu, wa salamu. Mimi niliyezoea kuwaambia wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Breki Mbili alinisikiliza mpaka mwisho. "Sitakuambia si kosa lako, sikuwapo," alisema. "Ninalolijua ni kwamba siri hukaza mikono, na mikono ikikaza pikipiki haikati kona. Nenda kawaambie wa kuambiwa. Jumatatu ya mafunzo nitakutunzia nafasi."

Nilimwambia Mama kesho yake, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anakunja nguo. Alimaliza kukunja ile aliyoishika, akainuka, akaingia chumbani. Siku tatu hakunisemesha zaidi ya "chakula kipo". Jumatano jioni akaniita nikae kitandani kwake.

"Niambie tena," alisema. "Kwenye simu alisema nini?"

Nikamwambia. Alisema, "Kaa hapo hapo barazani, Sindano, usije ukaloa. Nakuletea koti."

Mama akafumba macho. "Polisi walinikabidhi makoti mawili ya mvua," alisema. "Moja mwilini, moja ndani ya boksi. Miaka yote hii najiuliza, mtu mmoja, makoti mawili ya nini?"

Tulilia, Kaka, kila mmoja upande wake wa kitanda. Sitakudanganya kwamba alinikumbatia. Alipojifuta uso aliniambia maneno ambayo nayaandika kama yalivyo: "Hujaniumiza kwa kumwita. Ndugu huitana. Umeniumiza kwa kuniacha nimtupe mwanangu mwingine, nawe unatazama."



Ndipo akaniagiza nikuandikie kabla sijapanda chombo hicho. Mwambie, alisema, lile neno nililomtupia msibani nimelimeza mwenyewe, na ni chungu. Mwambie aje. Na kama amekasirika, asingoje hasira ziishe. Aje nazo, atazimalizia hapa.

Kwa upande wangu, siombi unisamehe kwa njia ya posta. Nimekuandikia ujue. Ukitaka kuninyamazia, nitaelewa, nami nitaendelea kukuandikia vilevile. Ukitaka kunigombeza, nakuomba unigombeze kwa sauti yako, siyo kwa mtu wa kati.

Leo asubuhi Mama ameniuliza viatu vya mlinzi vinanipwaya kiasi gani. Nilipomwonyesha, akachukua mkasi, akakata kipande cha godoro kuukuu, akanitengenezea soli za ndani, mguu mmoja baada ya mwingine, akiupima kwa kiganja. Hakunitakia heri. Alisema tu, "Simama nione." Nikasimama. Akaminya kidole gumba changu kwa juu ya kiatu, kama alivyokuwa akitufanyia tukiwa wadogo kabla ya shule kufunguliwa, akasema vimenikaa.

Namsalimia sana wifi. Wanangu wote waambie shangazi yao anawakumbuka kila mmoja kwa sura yake, na yule wa mwisho ambaye sijamwona, mbusu kwenye paji la uso. Shangazi yetu wa ng'ambo ya barabara anakusalimu. Hasikii vizuri siku hizi lakini akitajiwa wewe anasikia. Mungu akutunze huko uliko, akufungulie njia ya kurudi.

Ukipanga safari, niandikie siku tu. Breki Mbili anasema mafunzo ni majuma manne, kisha mtihani. Nikifaulu, nitakuja stendi kukupokea mwenyewe, polepole, kama utakubali kukaa nyuma yangu.

Mdogo wako aliyechelewa kusema, asiyeacha kukupenda,

Sindano