Gidioni alivyomjibu Priscila kuhusu kodi ya mgodi

Raya, siamini. Siamini kabisa!

Leo kwenye mkutano wa mgodi hapa Nyakahura, Priscila kasimama kamuuliza shemeji yake Gidioni, mwanasheria wa kampuni, mbona hawalipi kodi ya faida.

Kajibu bila aibu: dhahabu wanaiuzia kampuni yao wenyewe ng'ambo kwa bei ya kutupa, faida inaonekana kule, na kule mapato yanayotoka nje hayatozwi kodi.

"Sasa yanatozwa wapi?"

"Hayatozwi popote, shemeji."

Priscila akapaza sauti: "Zahanati hatuna. Mwanangu kanifia njiani nikimkimbiza hospitali Biharamulo."

Unajua alichomjibu? "Zaa mwingine."

ZAA MWINGINE, Raya! Mbele ya watu wote!

Priscila akamgeukia mumewe Bizimana, amtetee kwa mdogo wake.

Bizimana, anayetafuta kazi mgodini, alikuwa anacheka.