Duara la Bosi

Dada yangu,

Shikamoo. Vipi hali, vipi ule mgongo, na je, tajiri wako ameanza kukuachia upumzike mchana au bado anakukimbiza na nguo za kupiga pasi? Huku sisi tunaamka, tunakula, tunalala. Kuhusu uzima nitakueleza, ndiyo maana nimeandika.

Barua hii nampa jirani yetu fundi cherehani, anakuja huko kumwona mumewe, ameapa atakupa mkononi. Kwa simu haiwezekani, tunayo moja tu na anakaa nayo Mama. Ukipiga, anainyakua kabla haijaita mara mbili, anakwambia mwanao Bosi anaendelea vizuri, anakata. Mimi nikikohoa tu pembeni ananikata jicho. Meseji yako niliiona kabla Mama hajaifuta, umeniuliza nikwambie ukweli kuhusu mwanao, uombe ruhusa urudi au usubiri mkataba uishe. Nakwambia. Soma ukiwa umekaa.

Ilianza na mafua tu. Kamasi, kikohozi, kifua kinapiga filimbi. Mama akambeba mpaka pale hospitali ya watoto, akapata yule daktari wa kike mdogo. Akamsikiliza kifua, akamgeuza, akamtekenya mpaka Bosi akacheka, halafu akasema haya ni mafua ya virusi, antibiotiki haiyagusi, yataisha yenyewe. Mnyweshe maji, msafishe pua, akianza kuhema haraka mrudishe. Mama alichukia, dada. Alisema hajapanga foleni tangu alfajiri kuja kuambiwa habari za maji, maji si hata nyumbani yapo. Foleni nzima ikacheka. Kumbe akina mama pale wameshambatiza, wanamwita Dokta Maji. Ukiangukia chumba chake wanakupa pole.

Basi Mama akavuka korido akaenda kwa Bingwa. Huyo ni mkubwa wao, na ananijua, mimi fundi wao Bisibisi ndiye namtengenezea kiyoyozi. Aliposikia huyu ni mama yake Bisibisi, akaandika kitanda, dripu na sindano kali ya kuanzia. Si mtu mbaya, usimchukie. Mlango wake una watu kama sokoni, na mwenyewe aliniambia siku moja nikiwa juu ya ngazi kwamba ukimpa mtoto dawa asiyoihitaji hakuna anayekuja kukugombeza, ila ukimnyima halafu akazidiwa, watakuja na ukoo mzima.

Na sisi tulifurahi. Wodi ile mtoto asiye na dripu anaonekana kama ametupwa. Mama alitembea kifua mbele. Ulipopiga simu ukasema wasithubutu kukatisha sindano, nami nikasema kweli kabisa, tena kwa sauti.

Mafua yakaisha yenyewe, kama Dokta Maji alivyosema. Bosi akaanza kula, akaanza kuamrisha watu kwa kidole, akamrushia nesi ndala. Dokta Maji akapita akaomba kile kibomba cha kupitishia dripu mkononi kitolewe, mtoto aende nyumbani. Mama akakataa, sindano lazima zimalizike, na Bingwa akakubaliana naye. Tukabaki wodini, kitanda kimoja watoto wawili, na wa pembeni yake alikuwa anaumwa kweli.

Mkono ukavimba pale penye kibomba. Homa ikaja, siyo ile ya mwanzo, hii ilikuwa inamtetemesha mpaka kitanda kinagonga ukuta. Wakabadilisha sindano wakaleta kali zaidi. Ikashuka kidogo, ikapanda. Wakaleta nyingine, ile inayofungiwa kabatini. Mama akawa anawaambia wenzake mjukuu wake anapewa dawa za wakubwa.

Sasa sikia upande wangu. Maabara kuna ile mashine ya kutunza joto, wanamooteshea wadudu waliotolewa kwenye damu ili wajue dawa gani inawaua. Ilikufa zamani, kwa hiyo madaktari walikuwa wanakisia tu. Mimi nilikuwa nikiifungua na kuifunga miezi yote hii bila mtu kuniagiza, si unanijua, redio yako hujaisahau. Nikachomoa kidhibiti joto kwenye mashine ya kutotolea vifaranga, nikakichongea nafasi, nikaunga, ikawaka. Ikashika joto, dada. Nilikimbia korido nzima nikiwaambia mpaka wafagiaji. Dokta Maji alinishika mikono yote miwili, akaenda kuchukua damu ya Bosi.

Kisahani kilipotoka, mtaalamu wa maabara akaniita nione kazi ya mikono yangu. Ni kisahani cha plastiki, ndani kuna kitu kama jeli, wadudu wamejaa kama ukungu, juu yake wamepanga vidoti vya karatasi, kila kidoti kimelowekwa dawa yake. Dawa ikiwa inaweza, wadudu wanakufa kuizunguka, panabaki duara safi. Akanionyesha cha mtoto mwingine, maduara yake mazuri kama shilingi. Halafu akanionyesha cha Bosi. Nikakigeuza kwenye mwanga. Nikamwambia labda mashine yangu ina kasoro, arudie. Akarudia. Ukungu umepita juu ya vidoti vyote kama hakuna kitu.

Hakuna duara hata moja, dada. Hiyo ndiyo habari ambayo Mama hakwambii. Dawa hazipo. Siyo zimeisha stoo, hazipo za kumsaidia. Dokta Maji alipiga simu kila mahali akaletewa nyingine mbili wanazozificha hospitali kubwa, nazo zikapimwa, nazo ukungu. Alikuja akakaa na sisi sakafuni, akasema kilichobaki ni oksijeni, maji, na mwili wa mtoto mwenyewe, na mwili umechoka. Hakumlaumu mtu. Mama akamwangalia, akasema, kwa hiyo tumerudi kwenye maji. Yule daktari akalia mbele yetu.

Ungedhani wodi imejifunza. Juzi ameingia bibi mmoja na mjukuu mwenye kamasi, Dokta Maji akataka kumrudisha nyumbani. Mama yetu, akiwa amemshika Bosi vile vile mapajani, akamwinamia yule bibi akamnong'oneza asikubali kuondoka bila sindano, na chumba cha Bingwa ni kile cha mwisho. Nilitoka nikaenda kufungua feni ambayo haikuwa mbovu.

Umesema utanunua dawa huko, huko dawa ni kali. Usinunue. Omba ruhusa, wakikunyima toroka, njoo mikono mitupu. Siwezi kukuahidi utamkuta. Akisikia sauti yako kwenye simu bado anageuza kichwa.

Mama anakusalimu, hajui nimeandika nini. Fundi cherehani mpe maji anywe kwanza, maana anajua yaliyomo na njia nzima atakuwa anawaza atakutazamaje. Bosi naye anakusalimu. Nimempaka wino wa kalamu, nikambandika kidole hapo chini ya karatasi. Nimekizungushia duara.

Mdogo wako,
Bisibisi