Kufuli la Mlango wa Nyuma

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mguu unaovimba kwa kusimama umepata nafuu. Mimi sijambo, ila hasira hainipi usingizi.

Unasema kampuni yenu ya ulinzi itawatahini walinzi wote kwa Kiingereza, na atakayeanguka atavua sare. Nauliza: mwizi akija, atatimuliwa kwa lugha gani? Mwanamke aliyekagua mikoba getini tangu nikiwa mgongoni mwake, leo apimwe ulinzi kwa maneno ya kukariri! Lakini riziki yetu imo humo, basi yachukue. "Guard" ni kukaa macho, usiache mahali bila jicho lako. "Protect" ni kumkinga mtu asidhurike. "Shelter" ni kumpa mtu pa kujihifadhi. "Shield" ni ngao. "Defend" ni kusimama upande wa anayeshambuliwa na kumpigania.

Hilo la mwisho ndilo letu hapa chuoni. Kufuli la mlango wa nyuma wa bweni la wasichana ni bovu. Mwanamume ameingia, akamjeruhi mwenzangu wa chumba kwa kisu. Utawala unasema kufuli ni zima. Tutaandamana.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mguu umepoa. Mwenzako anaendeleaje? Mpe pole, mwambie nimemlilia kama wangu.

Maneno nayanong'ona nikipekua mikoba. Juzi mama mmoja kanisikia: "protect, protect," mkono wangu umo mkobani mwake. Akaniuliza, "We dada, unaniombea dua au unaniibia?" Kipara, mwenzangu wa getini, alicheka hadi kofia ikamdondoka. Ila "shield" na "shelter" bado zinagombana kichwani.

Sasa wewe. Nakujua, mdomo wako hauna breki. Andamaneni, lakini kaa katikati, usikae mbele. Hapa nyumbani silali bila kulitikisa komeo, nalala kidogo, naamka kulitikisa tena. Halafu nawaza mlango wako.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Mwenzangu anapona, mkono bado haukunjiki. Anakusalimu.

Tumeandika, tumepiga hodi, tumengojeshwa kwenye mabenchi. Jibu ni lilelile, kufuli ni zima. Basi nimeling'oa mlangoni kwa bisibisi, lipo chini ya godoro langu, zito, limeoza kwa kutu. Tarehe 24, siku ya maandamano, nitaliweka juu ya meza ya mkuu wa chuo, mbele ya waandishi wa habari, alifunge mwenyewe tuone. Na nitakaa mbele, Mama. Mwenye kipaza sauti hujifichaje katikati?

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi mwili mzima, roho haipo.

Mtihani nimefaulu! Kipara kaanguka, maskini. Waliofaulu tumepangiwa lindo jipya: geti la jengo la utawala, hapo chuoni kwenu, tarehe 24. Wanataka wanawake wa kuwapekua wasichana. Amri ni moja, kitu chochote cha chuma kisipite, na atakayekutwa nacho anafukuzwa chuo siku hiyohiyo.

Hawajui kwamba wewe ni wangu. Nakusihi, kaa chumbani siku hiyo. Nijibu upesi.

Mama yako

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Siwezi kuwapeleka wenzangu getini kisha nijifungie. Sikuombi unifungulie njia. Ukikuta mkoba wangu mbele yako, fanya kazi yako kama hunijui. Sitakulaumu kamwe.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Macho bado yanakuwasha kwa ule moshi wa mabomu ya machozi? Yaoshe kwa maji mengi.

Nilipoufungua mkoba wako, mkono uligusa kile chuma. Msimamizi alikuwa ananihemea begani. Nikasema, "Madaftari tu. Pita, binti." Hukunitazama. Ulipita umenyooka, nami nikauvuta mkoba uliofuata.

Kufuli likaonekana juu ya meza ya mkuu wa chuo, waandishi wakalipiga picha. Wewe hawakuthubutu kukugusa mbele ya kamera. Wamenigeukia mimi. Wanasema nilihongwa. Tarehe 30 nasikilizwa mbele ya kamati, kwa Kiingereza. Wakijua u mwanangu, wataita njama, nawe utatolewa chuo. Kwa hiyo usije. Mimi nitafua nguo za watu, tutaishi. Hunijui. Umenisikia?

Mama yako

29 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekusikia, na kwa mara ya kwanza naandika hivi kwa kukusudia: sitakutii.

Nimewaambia mamia ya wanafunzi kwamba anayenyamaza mbele ya uonevu amekwisha kuchagua upande. Leo mama yangu anaitwa mla rushwa, mwanamke asiyewahi kuchukua hata peremende mkobani mwa mtu, nami nikunje ulimi ili nipate shahada? Nikiipata hiyo shahada, nitaitundika ukuta gani nisione aibu kuitazama? Ulinikinga kwa kimya. Mimi kimya sikijui. Kesho nitaingia chumba hicho, na neno langu la kwanza litakuwa "Mama".

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Nilikukataza ukaja. Umekonda. Na kiatu chako kimebanduka soli, ulidhani sikuona?

Mwenyekiti alipouliza wewe ni nani kwangu, Kiingereza chote ulichonifundisha kilinitoroka. Guard, shield, yote, sikuona hata moja. Nikasema kwa Kiswahili, "Ni wangu. Mkinifukuza, mnifukuze kwa hilo."

Wakanifukuza kwa hilo. Ile habari ya rushwa wameifuta, nimehakikisha kwa macho yangu. Sare nimeirudisha imepigwa pasi. Mwenzako wa chumba kaniandikia kwamba mlango wa nyuma una kufuli jipya, na kwamba wewe umesimamishwa masomo, unafungasha vitu na hutaki kuniambia.

Njoo nyumbani. Tangu jana sijalitikisa komeo. Mlango nimeurudishia tu, usukume uingie.

Mama yako