Kilima Ambacho Sikukihesabu

Mpendwa Shangazi,

Tangu uhamie Gulu kwa binti yako, kila mvua ikinyesha hapa Kampala nakukumbuka, na kukukumbuka kwenyewe kunaniuma. Nyumba yako ya Mulago ilibaki bila paa kwa sababu ya makadirio yangu.

Unakumbuka siku niliyokuja kuipima ili ijengwe upya? Hukuniruhusu hata nitoe futi kamba, chai kwanza. "Wewe mtoto yangu, hii nyumba unajua kuliko hata mimi," ulisema. Nikavimba kichwa. Nikapima vyumba, kisha nikakaa kwenye kochi lako, sambusa mkononi, nikahesabu matofali, simenti, mabati na misumari. Nje sikutoka. Nikatazame nini, na mimi nimekulia hapo?

Fundi uliyemwita kabla yangu alikuwa ameandika na gharama ya kubeba vifaa. Nilicheka. "Kubeba nini, Shangazi? Huyo anataka kukula wewe bure." Ukamwacha, ukauza kibanda chako cha sokoni Owino kwa kuamini hesabu yangu.

Kumbe lori haliwezi kufika kwako. Mchanga na matofali vilimwagwa chini barabarani, vikapandishwa vichwani na watu waliotaka kulipwa kila safari. Pesa ya paa ikaishia kwenye kilima. Na kilima chenyewe, Shangazi! Ndicho tulichokuwa tukipanda nikiwa mdogo, jerikani kichwani, wewe ukinisukuma mgongoni na kunitania, "Panda, bwana mkubwa, chai inapoa!" Nilikizoea mpaka sikukiona tena.

Hukunigombeza, na hilo ndilo linaloninyima raha. Majirani uliwaambia, "Vitu imepanda bei, si kosa ya mtoto." Nilikuwepo, nikanyamaza. Naona aibu hadi leo.

Siku hizi kila nikipata kazi nanunua mabati na kuyapandisha mwenyewe. Chumba chako kimeshaezekwa, jikoni bado. Majirani wakiniuliza utarudi lini, nawaambia ukweli kwamba bei haikupanda, ni mimi niliyesahau kilima.

Jikoni pakiisha nitakuita. Usije kwa kunihurumia, Shangazi. Njoo na hasira zako zote, unigombeze njia nzima tukipanda. Mimi nitakuwa nyuma yako, nikikusukuma mgongoni.

Anayekungoja chini barabarani,
Mtoto wa kaka yako