Modemu Iliyokataa Laini ya Bwera

Baba Biira wangu,

Siku uliyoleta modemu nyumbani kwetu Kasese, ukitoka kiwanda cha saruji, niliona umenunua takataka. Watu walishaanza kuchomeka vijiti vya intaneti kwenye kompyuta, wewe unaleta kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu ya mezani. Ulivuta kiti, ukaandika herufi mbili, A na T. Skrini ikajibu OK. Ukanitazama kama mtu aliyesalimiwa na jiwe.

"Inaitika," ukasema. "Sasa tuiulize iko vipi."

Ukaandika AT&V, mipangilio yake yote ikajipanga mbele yetu, herufi na namba. Mimi nilitaka tubadilishe moja tuone itafanya nini. Ukanishika mkono.

"Soma kwanza, Mama Biira. Ukibadilisha kitu hujakisoma, utarudi vipi ulikotoka?"

Basi tukasoma, kijitabu chake kikiwa kando. M ni sauti. S7 ni muda wa kusubiri upande wa pili uitike. Wewe Mluhya wa Kenya, mimi Mkonzo wa huku, Kiswahili ndicho kilikuwa daraja letu. Hata maneno ya modemu tuliyageuza humo humo.

Kisha ugonjwa wa koo ukakurudisha kwenu Kenya kutibiwa. Baada ya upasuaji hukuweza kuongea tena, na ujumbe mfupi wa simu haukukutosha, wewe mtu wa kueleza. Ulikuwa unaandika barua pepe kwenye kompyuta ya ndugu yako. Mimi nilihamia na mtoto kwa mama yangu Bwera, na kompyuta na kisanduku chetu.

Kikaikataa laini ya Bwera. Kila nikipiga, kinasema hakuna mlio wa laini. Nikainua simu, mlio nikausikia, ila ulikuwa wa kukatika-katika, si kama ule wa Kasese. Nikajiuliza: kama modemu haiutambui tu? Nikasoma mipangilio mstari kwa mstari mpaka kwenye X. Ilikuwa nne, yaani isubiri mlio kwanza. Tatu ni kupiga bila kuusubiri. Nikaandika ATX3, halafu AT&W ili ihifadhi.

Ikapiga, ikalia ile sauti yake ya kukwaruza. Mama akatoka jikoni kuuliza nani ameumia.

Barua zako zikaingia zote pamoja. Nikakuandikia nilichofanya, nikingoja pongezi. Ukajibu neno moja: "Umejuaje?" Nikaeleza, ukauliza zaidi, nikaeleza tena. Tuliendelea hivyo hadi siku ndugu yako aliponiandikia badala yako.

Juzi nimemsimulia Biira haya yote. Amekuwa mrefu, ana paji lako la uso. Nilidhani atalia. Yeye akauliza, "Na ungeweka mbili badala ya tatu, ingefanya nini?"

Sijui, Baba Biira. Tumekishusha kisanduku kutoka kabatini, tunakifuta vumbi.

Pumzika huko uliko, sisi huku bado tunauliza.

Mkeo,
Mama Biira