Waya Uliobaki

Mjukuu wangu Nasra,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima, ila babu yako anakohoa na dawa hataki.

Eti deki, DVD na king'amuzi utaviungaje kwenye TV moja! Mimi ndo wa kuulizwa hayo? Mara ya mwisho kuunga mashine mbili nusura nife kwa aibu.

Mama yako alikuwa kaolewa juzi tu. Nikaita wanawake hapa Malindi tutazame kanda ya ngoma yetu ya harusi, wanawake peke yetu: vichwa wazi, viuno vinakatika, na mbele kabisa nani? Mimi! Nikaunga na deki ya pili, nitoe kopi. Waya mmoja wa kutolea picha ukabaki. Nikauchomeka kwenye tundu la antena ukutani, nikasahau antena ile tunachangia na jirani, Mzee Saidi, na sebuleni kwake wamejaa wanaume wanangoja taarifa ya habari.

Mara hodi. Mzee Saidi kasimama mlangoni, uso kaugeuzia njiani.

"Bi Zuhura, TV yetu leo mbovu. Nshaizima."

Akageuka, akaenda zake.

Basi kabla hujachomeka kitu, fuata waya kwa mkono mpaka mwisho wake. Jirani yako wa huko Dar sidhani kama ataizima.

Bibi yako, Zuhura